Tumeshapatana na Kinyozi, Mahakama Inanitafutia Nini?

Shangazi, shikamoo. Nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana watu wa nyumbani kwetu wamenichosha mpaka hata cherehani naiona inanicheka. Mimi ni fundi wa kushona, nina mdogo wangu wa kiume, fundi friji, kazi anaijua lakini hasira zake ziko karibu, na siku moja aligombana na kinyozi wa mlango wa pili kwa sababu ya spika inayopiga kelele kutwa, akamvunja mkono kwa spana, akakamatwa, akafikishwa mahakamani, akakana shtaka, hakimu akasema dhamana iko wazi, basi nani wa kumdhamini kama si mimi dada mtu, nikatia saini mbele ya karani bila hata kusoma, nikamtoa rumande, mama akanibariki mpaka nikalia. Baadaye wazee wa pande zote mbili wakakaa, mdogo wangu akaomba radhi, kinyozi akasamehe, na Shangazi usicheke, sasa hivi wanakula sahani moja na kinyozi ndiye anayemnyoa, tena alisema mbele yetu sote, "Kesi nimeifuta. Mimi ndiye niliyepigwa, nikisema basi ni basi." Siku ya kesi kutajwa ikafika, mdogo wangu akaniambia, "Dada, kutajwa ni kusomewa jina tu halafu wanaahirisha, sasa niache friji ya bucha, nyama za watu zioze?" na mimi nilikuwa na sare za shule za kumalizia, nikaendelea kushona. Juzi karani kanipigia simu, mshtakiwa hakutokea, hati ya kumkamata imetoka, na mimi mdhamini natakiwa mbele ya hakimu Jumatatu nieleze aliko. Kumbe aliko ni stoo kwa mama! Mama anampelekea chakula amekifunika kwa nguo za kufua, na mimi ananiambia, "Ukimtaja mdogo wako usiniite mama tena." Kinyozi naye anasema yeye hayumo. Shangazi, nimtaje au nimfiche?

Dada Mtu, nimechoka

*

Dada mtu, marahaba. Nimesoma barua yako nikaweka kikombe cha chai chini. Pole, maana mzigo wamekutwika wengine. Lakini nitakugombeza kwanza, kwa sababu nyumba nzima mna midomo na hakuna hata mmoja aliyeutumia wake kumuuliza karani.

Kinyozi hana kesi ya kufuta. Kwenye jinai anayeshtaki ni serikali. Yeye ni shahidi, hata kama mkono uliovunjika ni wake. Msamaha wake una maana kubwa, ila ulitakiwa usemwe mbele ya mwendesha mashtaka na hakimu, na nyinyi mmeumalizia kwenye kiti cha kunyolea. Hakimu anaweza kuukubali au kuukataa, kutegemea uzito wa kosa, na mfupa kuvunjika si kofi la shavuni.

Kuhusu kutajwa, ni kweli siku hiyo mashahidi hawasikilizwi. Lakini mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anatakiwa awepo, aitwe, aitike. Asipoitika, hakimu hajui habari za friji wala za bucha. Anachojua ni kwamba mtu ametoroka, basi anaandika hati akamatwe.

Na wewe, dada wa kutia saini bila kusoma! Dhamana haimaanishi kesi imekwisha, ni ruhusa ya kuisubiri ukiwa nyumbani. Ulipomdhamini hukuapa kwamba mdogo wako ni mtu mwema. Uliahidi ataonekana kila anapoitwa, na asipoonekana utabanwa wewe. Ndiyo maana umeitwa. Nimekasirika kwa niaba yako, kwani huyo aliyelala stoo ndiye aliyepaswa kulijua hili kuliko wote.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumatatu. Nenda kwa mama leo, gonga mlango wa stoo, mwambie kijana anawe uso. Alikana shtaka, hajahukumiwa, bado ana nafasi ya kujitetea, ila kila siku anayojificha anaipunguza. Aende mahakamani kwa miguu yake na aseme ukweli kwa nini hakuja. Kama kuna ofisi ya msaada wa kisheria karibu nanyi, pitieni kwanza mumpate wakili. Kinyozi mchukueni, na akisema hayumo, mwambie mkono wake umo.

Akikataa katakata kutoka, Jumatatu nenda peke yako. Ukiulizwa aliko, sema. Ukimdanganya hakimu utajitafutia kesi yako mwenyewe, na safari hiyo mshtakiwa utakuwa wewe. Omba pia kujitoa kwenye udhamini. Hiyo ni haki yako, na wala usione haya kuidai.

Mama atalia, najua. Usibishane naye wala usimjibu kwa ukali. Muulize tu: "Mama, nikiwekwa rumande mimi, nani atakuja kunidhamini?" Halafu nyamaza, umwache atafute jina.