Makaburi ya Wagiriki na Kaburi Yako ya Mpofi

Mama,

Bauma amefika. Ametoka Kibabi na vijana wa kubeba, na jembe ya mupya, na shuka nyeupe yenye bibi yake aliipiga pasi mpaka muntu anaogopa kuigusa. Wako kwenye baraza ya Mama Sifa wanakula sombe ya majani ya muhogo, mvua inapiga mabati, na wote wanangoja neno yangu. Ameniambia: "Yaya, wewe njo mukubwa. Ukisema ndiyo, kesho asubuhi tunafungua kaburi ya Mama, tunamurudisha Kibabi karibu na kaburi ya Papa. Ukisema hapana, nitarudi na jembe yangu na sitakuuliza tena." Mudogo wangu huyu, unamujua. Akisema hataniuliza tena, hataniuliza tena kweli.

Na mimi nimejifungia humu ndani ya chumba yako, namuandikia muntu mwenye amelala nyuma ya hii nyumba, kwenye migomba. Ni akili hiyo? Kichwa yangu imechanganyika, Mama. Na nikikuambia wenye waliichanganya zaidi ni Wagiriki, utacheka mpaka kitambaa ya kichwa ianguke.

Lakini tuanze na wewe, kwa sababu wewe pia ulituchanganya. Ile siku tulikimbia Kibabi, miguu imevimba, vita nyuma yetu, pori mbele yetu, ulisimama katikati ya njia ukamushika Bauma shingo ya shati. Ulisema: "Nikifia huku, mutanirudisha kwa baba yenu. Mimi sitalala na nyani." Bauma ameshika hiyo neno kama amri ya Mungu. Kisha mimi nilikuja kukutembelea hapa Mpofi, nikitoka kazini kule Walikale, nikakukuta unatwanga na Mama Sifa, mwenye alikupa chumba kwa nyumba yake, munacheka kama wasichana, umekwisha jua hata kusalimia watu kwa Kinyanga, luga ya hapa. Siku hiyo ukaniambia: "Mapendo, niko sawa hapa. Nikienda, munizike tu hapo nyuma, musihangaike na barabara." Sasa nishike gani? Ile ya uchungu ao ile ya furaha? Muntu anawaachia watoto wake wawili maneno mbili, halafu anajilalia zake. Eh, Mama! Umetuweza.

Na siku ulienda, sikuwa hapa. Njia ilikuwa imefungwa, magari haipiti, hata pikipiki ziliogopa. Nilipofika, Mama Sifa alikuwa amekwisha kukuosha, amekufunga kitenge yake mwenyewe, wamekwisha kukuzika. Walinionyesha udongo. Nililia juu ya udongo, ndiyo, lakini mpaka leo kuna siku naamka na kusema labda Mama iko shambani.

Haya, mambo ya Ugiriki. Walinichagua kwenda kwenye formasio, masomo ya wazalishaji, sisi wenye tunapokea watoto. Mimi, wa maternite ya Walikale! Nilishuka Kisangani, nikapanda ndege mpaka Kinshasa, kisha ndege zingine, mpaka Athene. Ndiyo, Athene ile ya Paulo Mutume. Formasio ikaisha, wenzangu wakarudi kwao, ndege yangu ikabaki na siku moja. Daktari mwenye alitufundisha, muzee wa kike mwenye roho nzuri, akaona nitashinda mu otele naangalia ukuta. Akanikodishia gari na gide, muntu wa kunionyesha njia, mimi peke yangu, kutembelea miji ya zamani kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Fikiria mutoto wako amekaa nyuma ya gari muzima kama bibi ya gavana. Nilitafuta hata muntu wa kupungia mukono.

Daktari aliniambia: "Utaona Korinto, kisha makaburi ya wafalme, kisha uwanja wa maigizo." Mimi nikasikia makaburi. Sasa, wewe njo ulinilea. Muntu anapelekwa kwenye makaburi ya watu, anaenda mikono mitupu? Nikashuka duka ya karibu, nikanunua sukari na sabuni, nikafunga vizuri mu mufuko.

Gide wangu alikuwa mwanamuke wa rika yangu, nywele fupi, sigara kila tukisimama, na Kifaransa yake iko nzuri kushinda yangu. Nilimuita Mama Eleni na alipenda. Tukaanzia Korinto. Mama, ile Korinto yenye tunaisoma kanisani! Nilifikiri nitakuta hata mutaa moja ya watoto wa watoto wao, wenye walipokea zile barua, niwaulize kama wamekwisha kutubu. Nilikuta nguzo zimesimama bila nyumba, na paka. Paka mingi, wanene, wanalala juani kwenye mawe ya watu. Mama Eleni alinionyesha mahali wanasema Paulo alisimama mbele ya hakimu. Nilitaka kusikia kitu ndani ya roho. Nilisikia njaa. Unisamehe.

Kisha tukapanda Mikene, penye makaburi ya wafalme. Wamechimba ndani ya kilima, wakajenga kwa mawe, ndani mviringo kama muzinga wa nyuki, na juu ya mulango jiwe moja kubwa, sijui waliinua na nini. Tukaingia. Baridi. Giza kidogo. Mimi nikasimamisha miguu, nikavaa kitambaa vizuri, nikapiga goti kidogo na nikamupa Mama Eleni ile mufuko kwa mikono mbili. "Pole sana kwa wazee wenu."

Akaniangalia. Akaangalia sukari. Akacheka, Mama, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hawa walikufa zamani sana, hakuna mwenye anajua hata majina yao, na yeye hajawahi kupewa pole kwa ajili yao. Nikauliza, "Na wenyewe wako wapi?" Maana kaburi ilikuwa tupu kabisa. Akasema vitu vya humu viliibwa zamani, na wale wa juu kidogo walifukuliwa, wengine mifupa yao iko mu mize, nyumba ya kuonyesha vitu vya zamani kule Athene, ndani ya vioo, watu wanaingia na tiketi kuwaangalia.

Hapo nilikasirika. Kwa ajili ya wafu wa watu wengine, mimi mwenye sina hata undugu nao! Nilimuambia kwetu muntu akifukua maiti tunajua ni muchawi ao ni muharibifu. Nilimuambia mudogo wangu anataka kumufukua mama yetu na kumupeleka kwa kilima yetu, na mimi nimekwisha kukataa, na sasa nimeona kwa macho yangu vile inakuwaka ukianza kusumbua wafu. Nilisema kwa sauti. Ile kaburi inarudisha sauti, kila neno ilinirudia.

Mama Eleni aliacha kucheka. Alikaa kwenye jiwe na sukari yangu juu ya magoti. Akanieleza kwamba kule Athene udongo ni kidogo. Ukizika muntu wako, baada ya miaka chache wanakuita, kaburi inafunguliwa, mifupa inatolewa, munaiosha na divai, munaiweka mu sanduku ndogo. (Divai, Mama! Wewe mwenye ulikataaka hata kunusa kasiksi, pombe ya ndizi.) Yeye amekwisha kumufanyia mama yake. Alisema njia yote alitaka kukimbia. Kisha wakamutoa, na yeye akamujua. "Kwa jino," alisema, "jino yake ya mbele ilikuwa imepinda kidogo." Akaiosha yeye mwenyewe. Akasema: "Alikuwa mwepesi sana. Yeye alinibebaka maisha yote, na mimi nilikuwa sijamubeba hata siku moja."

Basi tukalia. Wanamuke wawili ndani ya kaburi ya mufalme mwenye hana jina, na kilo ya sukari katikati. Wazungu wengine waliingia na kofia zao, wakatuona, wakarudi inje polepole. Mama Eleni akapangusa macho, akasema: "Na mimi, pole kwa mama yako." Nikasema aksanti. Njo mara ya kwanza nilipokea pole ya kufa kwako na nikaisikia.

Tangu hapo mimi si muzima. Nilipoondoka asubuhi nilikuwa na jibu yangu: hapana. Nilikuwa nayo kama ufunguo mu mufuko. Mangaribi sikuwa nayo tena. Tulikula chakula, wakaleta maharagi, Mama, kila moja kubwa kama kidole gumba, na mafuta ya zeituni juu. Nilikula naangalia tu ile sahani. Ungeshika moja, ungeigeuza, ungeuliza wanapanda mwezi gani. Mimi sikuuliza.

Mwisho akanipeleka kwenye uwanja wa maigizo. Viti vya mawe vinapanda kilima kama mashamba yetu ya Kibabi, mpaka juu kabisa, na ukisimama chini katikati ukaongea polepole, muntu wa juu anakusikia vizuri. Kila mutalii anasimama hapo anapiga makofi ao anaimba. Mama Eleni akanisukuma: "Sema kitu." Sasa mimi niseme nini mbele ya dunia? Nikasema: "Mama, nikuache ao nikubebe?" Nilisema kwa Kiswahili yetu, polepole. Kule juu wazee wa kizungu wakanipigia makofi. Walifikiri ni shairi! Na mimi nilifanya nini? Niliinama kidogo, kama vile watoto wa shule wanainama wakimaliza kusema shairi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, kisha najiuliza kama ni vizuri kucheka. Sijui. Wewe haukujibu.

Nimerudi na siku zimepita na bado sijui. Nilimupa Bauma sababu zote kwenye simu. Barabara. Usalama. Mama Sifa atavunjika roho. Neno yako ya mwisho. Zote ni za kweli, Mama, lakini hakuna moja yenye ni sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba ninaogopa kukuona. Mimi mwenye damu inanifikia viwiko kila wiki, mwenye nimepokea watoto kwa mwangaza wa simu, naogopa mama yangu muzazi. Naogopa nitakuangalia na sitakujua. Na hapo nitafanya nini? Nitarudi Walikale namna gani, nikamuambia mwanamuke mwingine kaza moyo, mama?

Leo, Bauma alipofika, nilifikiri Mama Sifa atapiga kelele. Yeye njo analima kaburi yako, anang'oa majani, anakusalimia kila asubuhi mbele ya kusalimia bwana yake. Nilimufuata kwenye jiko nikamuomba anisaidie kusema hapana. Akaendelea kuchochea moto. Kisha akasema: "Mama Mapendo ni wenu, lakini ni wangu pia, na mukimuchukua sitakula siku mbili tatu. Lakini wewe, mutoto, mimi nilimuosha kwa sababu haukuwa hapa. Ile kazi ilikuwa yako. Nilikushikia tu."

Alisema tu hivyo, akaonja sombe, akaongeza chumvi.

Mama, nimekaa hapa tangu saa ile. Labda ulitaka kubaki. Labda utakuwa na baridi Kibabi, na Mama Sifa hatakuwa karibu wa kukuchekesha. Labda ile siku njiani ulikuwa umechoka tu, ukasema kitu yoyote, na Bauma amejenga nyumba juu ya maneno ya muntu mwenye miguu inauma. Sitajua. Nimekubali kwamba sitajua. Na tena nikuambie vibaya vyote kwa mara moja: sijui kama kitu nitafanya kesho nakifanya kwa ajili yako ao kwa ajili yangu. Kama ni kwa ajili yangu, unihurumie. Ulinihurumiaka kwa mengine.

Nikimaliza hapa nitatoka nimuambie Bauma ndiyo. Atalia, utaona, anajifanya mugumu lakini atalia mbele ya wale vijana wake. Nitamuambia pia sharti yangu. Jembe yake itashuka mpaka mahali udongo unabadilika, kisha anaiweka chini, anatoka, na wale vijana wanatoka. Kutoka hapo hakuna mwenye anakugusa kabla yangu. Nitashuka mimi. Hata nikiogopa nitashuka. Na kama sitakujua kwa uso, nitatafuta kitenge ya Mama Sifa, kisha mikono yako, na nitakujua kwa mikono.

Usiku mwema wa mwisho hapa Mpofi, Mama. Agana na Mama Sifa vizuri, amekupenda. Mimi nakuahidi hii moja: sitakuosha na maji ya baridi. Kabla jua haijatoka nitaweka sufuria kwenye moto, nitangoja, nitatia kiwiko ndani kupima. Isiwe moto, isiwe baridi. Ile ya kuoshea mutoto akizaliwa.

Mutoto wako,
Mapendo