Vyuma vya Tela

Jumamosi, 8 Juni

Leo mimi na Merle tumelijaribu kwenye barabara kuu tela letu la kulala safarini. Maili nne tu. Upepo ukalipiga ubavuni, likaanza kuyumba — kushoto, kulia, kushoto. Nyuma ya pikapu imezama, pua iko juu, usukani mwepesi mkononi mwake. Na mume wangu anapiga mluzi.

Jumapili, 9 Juni

Nimepiga magoti nikasoma nambari kwenye tufe la chuma tunalofungia tela. Mwisho paundi elfu tano. Mizani ya malori ilisema tela ni elfu saba! Nikamwonyesha. Eti nambari hizo huandikwa na mawakili. "Arlys, mke wangu, nimevuta matela ya ng'ombe hata kabla hujanijua." Ndiyo. Na moja alilipindua, mwaka 1988. Hilo halihesabiki.

Jumanne, 11 Juni

Dukani. Mimi nauliza, muuzaji anamjibu Merle. Nauliza mbele ya tela iielemee pikapu kiasi gani — anamgeukia: "Mzee, kama paundi mia saba hadi elfu moja hivi." Mzee mwenyewe anatazama majiko ya kuchomea nyama. Nikachagua mimi: tufe la elfu kumi, na vyuma viwili vya kugawa uzito, vinavyozuia pia kuyumba. Muuzaji akataka kujua kama mzee ameridhia. Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule kwenye barafu, na bado nahitaji kibali.

Alhamisi, 13 Juni

Vyuma tulivyofunga jana havipo kwenye tela. Nimevikuta bandani, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Vinalia tukikata kona, anasema Merle, majirani wanageuka kutazama. Anaona haya. Haya! Sikupika. Amekula mkate na siagi ya karanga, amesimama.

Ijumaa, 14 Juni

Saa tatu asubuhi. Mjukuu wetu anabatizwa keshokutwa mjini Casper, na safari ni leo. Redio inasema njiani upepo utafika maili hamsini kwa saa.

Merle yuko nyuma ya usukani, injini inanguruma. Mimi niko kwenye ngazi ya tela, vyuma miguuni. Naandika ili nisipige mayowe. Nimemwambia mara moja tu: "Ukiondoka bila hivi, unaondoka peke yako. Na kwenye mazishi sitasema ulikuwa dereva mzuri."



Honi. Honi tena. Sijainuka.

Amezima injini. Mlango wa pikapu bado haujafunguka —