Nilimkaribisha Mkwe Safari ya Makorongoni, Naye Akakaribia

Mpendwa mshauri Bi Mwanahawa, naomba msaada wako, tena naomba unijibu upesi kuliko desturi yako, kwa sababu treni ya Dodoma haitaningoja, ni Ijumaa ile ya kabla ya Sabasaba, na mimi siku hizi silali wala chakula hakipiti, nimekonda mpaka wenzangu pale ghalani wananiuliza kama nina safura.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mnyamwezi, Mkatoliki, karani wa ghala la asali na nta hapa Tabora, naishi Ipuli na mke wangu, nitamwita Tekla ingawa silo jina lake. Mwaka jana mwezi wa kumi tulimzika mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi minne, na tangu siku hiyo Tekla haongei ila la lazima, chumvi imekwisha, mlango ufunge, basi. Majirani zetu ni watu wema, Waislamu kwa Wakristo, lakini akienda bombani anaambiwa pole, sokoni pole, kanisani pole, mpaka siku moja mwezi wa pili akatua ndoo chini akaniambia, "Nipeleke mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia pole. Siku mbili tu. Mimi na wewe." Bi Mwanahawa, hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema tangu msiba, nami nikaapa moyoni nitampeleka hata kwa miguu.

Sasa kazini kuna mwenzangu Silasi, Mgogo, mtani wangu, mtu wa mdomo huyo, na kaka yake anafanya kazi Kondoa. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba Kondoa ni mji mdogo, umetulia, una chemchemi, na ukitoka nje kidogo unaikuta nchi kavu, nyekundu, imekatwakatwa na makorongo, mengine marefu hata mnazi unazama, na ukishuka ndani yake husikii jogoo wala mtu. Nikasema ndipo hapo. Kaka yake ana vyumba viwili, kimoja atatuachia. Tukapanga, Ijumaa treni, Jumamosi basi kutoka Dodoma, Jumapili nzima makorongoni, Jumatatu ni sikukuu turudi, na ruhusa nimepewa. Tekla alianza kushona gauni. Mtu aliyekuwa hachani hata nywele, ameanza kushona gauni!

Sasa sikia ujinga wangu. Pasaka tulikwenda kumsalimu mkwe wangu upande wa Bukene, katika kijiji kipya walikohamishiwa mwaka jana, na wewe unajua kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa, hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamkai jamvi moja, hamlali chini ya paa moja, ukiwa na neno unalisemea nyuma ya ukuta. Basi asubuhi ya kuondoka nikasimama nyuma ya jiko kumuaga, yeye yuko ndani anatwanga, nikakosa la kusema, nikasema, "Mama, mwezi wa saba tunakwenda Kondoa kutazama makorongo, karibu twende wote." Nilisema kama mtu anavyosema, Bi Mwanahawa! Mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, naye anajibu ahsante nimeshiba, hata kama tumbo linamlia, na kila mmoja anabaki na heshima yake. Nikasikia kinu kimenyamaza. Halafu akasema, "Kondoa? Kwenye makorongo? Haya, mwanangu. Nimekaribia."

Tekla hakusikia, alikuwa kisimani na shangazi zake. Sikumwambia, nikajipa moyo kwamba mama ni mtu mzima, atasahau. Jumatano ya juma lililopita, wiki tatu na ushee kabla ya safari, mama huyo mlangoni, ameshuka kwenye treni ya Mwanza, jamvi begani, kuku kwapani, anasema amekuja mapema asije akaachwa. Tekla akanitazama, mimi nikamtazama kuku. Akaniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema hapana. Nilisema hapana chini ya msalaba uliotundikwa ukutani.

Sasa Tekla anaamini mama yake kasikia habari kwa watu na amejileta, na mtu na mama yake hawasemezani, mama anapika, binti hali. Gauni limekunjwa limewekwa juu ya kabati. Ameniambia, "Kama mama anakwenda, nendeni naye. Mimi usiniombe tena kitu." Mimi kwa sababu ya ukwe nalala kwa Silasi, nakula nje, nikiingia kwangu nakohoa kama mwenye pumu, na nikifikiri behewa la daraja la tatu, mkwe kalala mbele yangu mdomo wazi mpaka Dodoma, na chumba kile kimoja huko Kondoa, natokwa jasho. Silasi anacheka mpaka anakaa chini, anasema, "Mnyamwezi, babu zako walipita kwetu wamebeba pembe za ndovu, wewe leo unapita umebeba mkwe!"

Tena kuna jingine, nalisema kwa aibu. Nimekwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lugembe, kumwomba asimwandikie mama barua ya safari, aseme tu kwamba mtu wa kijiji kingine hawezi kumwandikia. Mzee akanitazama juu ya miwani, akasema atafikiri. Na mama mwenyewe sijui anafuata nini huko, si mtu wa matembezi, kabeba kibuyu cha unga wa mtama na kipande cha kaniki, namsikia kutoka nyuma ya ukuta akimwambia jirani kwamba baba yake alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita akaishia makorongo ya huko, yeye akiwa bado tumboni, na kwamba tangu wahamishwe ana neno la kumpelekea, mambo ya wazee, sikuyafuatilia.

Nishauri, mama yangu. Nimwambie mkwe treni imejaa? Nijitie ugonjwa? Niivunje safari? Nikiivunja, najua Tekla hatanieleza tena haja yake maisha. Gazeti hili hulisoma baada yangu, wiki hiyo nitalificha.

Ni mimi R., Ipuli, Tabora.

*

Ndugu R.,

Pole. Najua neno hilo limewachosha nyumbani kwenu, basi nimelisema mara moja na silirudii.

Sasa tugombane. Umeandika kurasa nne. Kuku kapata nafasi, kinu kimepata nafasi, kikohozi chako kimepata nafasi. Jambo lililo kubwa kuliko yote umelisukumia mwishoni, ukalipiga teke, eti mambo ya wazee! Nitalirudia, ngoja kwanza nikuoshe masikio.

Kumkaribisha mkwe si kosa. Hata mimi nimewahi kumkaribisha mgeni chakula cha watu wawili, akanawa, nikala ukoko. Ndiyo adabu yetu, na mwenye adabu hulipa siku adabu inapomgeuka. Kosa lako ni lile "hapana". Kwa neno moja umemfanya mama wa watu aonekane mdoezi mbele ya mwanawe wa kumzaa. Mwanamke aliyeitwa, akaitika, leo anapika chakula hakiliwi, na wewe mwenye kumwita uko kwa Silasi unatokwa jasho. Halafu ukaona haitoshi, ukaenda kumfundisha uongo balozi, mzee wa watu. Huoni haya? Siku utakayosoma haya, kabla hujaenda ghalani, pita kwa Mzee Lugembe, mwamkie, mwambie maneno yako ya juzi umeyameza, na umwombe barua ya mama iandikwe kabla ya yako. Atakutazama tena juu ya miwani. Vumilia, umeyataka.

Ugonjwa usijitie. Treni kujaa usiseme. Uongo wa kwanza umekunyima usingizi, wa pili utakunyima mke.

Tuje kwenye huo ukwe unaokutisha. Nakushangaa, Mnyamwezi mzima umeshika upande mmoja wa mila ukaacha wa pili. Umeona ukwe unakukataza wewe kumkaribia mama. Hukuona kwamba unamkataza na yeye kuwafuata? Mkwe wa heshima hakai walipokaa mkwewe na mwanawe wanazungumza. Halali paa lenu. Hawezi kuja kubisha hodi Jumapili asubuhi kuuliza mmeamkaje. Ungekwenda na dada yako, au na huyo Silasi na mdomo wake, hapo ndipo msingepata hata nukta ya kuwa peke yenu. Umeshika dawa mkononi, unalia kwamba inanuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Treni ni ndefu, mama na Tekla wapande behewa la wanawake wenzao, wewe panda la nyuma, usiku mmoja hautakuua. Silasi aache kucheka, amwandikie kaka yake leo, amtafutie mama kitanda nyumba nyingine, kwa mwanamke mtu mzima. Tena mwambie kaka mtu kwamba neno lolote la kutoka kwako kwenda kwa mama litapitia kwake. Ni mtani wenu, na mtani hutumwa pale mkwe asipoweza kufika. Jumapili huyo mtani ndiye atakayemshusha mama korongoni. Wewe utakaa mbali, juu, kwenye ukingo. Tekla akitaka kushuka na mama yake, mwache ashuke. Akitaka kubaki na wewe, baki naye. Usimchagulie, umeshamchagulia ya kutosha.

Na sasa lile ulilolipiga teke.

Mimi nimezaliwa Tabora hii hii, na bibi yangu aliolewa na mpagazi. Alikuwa akituambia kwamba mume akishika njia na mzigo, mkewe hahami. Hata nyumba ikianguka, anajenga palepale, jiko palepale, kwa sababu aliyeondoka anaijua njia ya mlango ule tu, na asipoukuta atadhani wamekufa wote au wamemsahau. Bibi alikaa kiwanja kimoja miaka kumi na mitatu. Babu alirudi, mguu mmoja mbovu, akaukuta mlango.

Baba yake mkwe wako hakurudi. Lakini nani aliyemwona akizikwa? Bila shaka watu walileta habari tu kwamba alianguka kwenye makorongo ya Kondoa, na habari si kaburi. Basi, kama niwajuavyo wake wa wapagazi, mama yake mkwe wako akabaki kiwanja kile alichoachwa, akafa kiwanja kile, akamwachia binti naye abaki. Karibu miaka sitini, R.! Mwaka jana wakahamishiwa kijiji kipya. Mimi sisemi neno juu ya vijiji, shule iko huko na zahanati iko huko, na wengi wamefurahi. Nasema tu kwamba ule mlango haupo tena, na kuna mwanamke mmoja wa Bukene anayeamka kila siku akilifikiria hilo. Halafu asubuhi moja yuko jikoni anatwanga, anasikia sauti ya mkwewe nyuma ya ukuta ikimwambia, mama, twende Kondoa kwenye makorongo. Ulisikia kinu kimenyamaza. Ulidhani kimenyamaza kwa nini?

Mimi siko kifuani mwake, lakini neno alilonalo nadhani nalijua, na sasa nawe unalijua. Tekla halijui, kwa sababu hawasemezani, na hawasemezani kwa ajili yako.

Gazeti usilifiche, wala usimpe likusemee, huo ni woga mwingine. Lishike mkononi likiwa limekunjwa, mwite Tekla nje, mkae chini, umwambie kwa mdomo wako, "Mama hakujileta. Nilimkaribisha mimi, kisha nikakudanganya. Anakwenda kumwambia baba yake kwamba wamehama."

Ukishasema, nyamaza. Akigomba, mwache agombe. Akilia, msogelee, na ukome kabisa kumwambia pole.