Kabati la Nyanjura linanuka dagaa

Alhamisi.

Huyu baba Nyanjura leo nimemchukia. Kabati la sendofu ya kumuaga binti yetu anayeolewa amelitengeneza mwenyewe kibandani kwake, milango minne, droo sita, zuri kweli. Lakini linanuka dagaa! Mbao alikuwaga anazikaushia stoo, chini ya magunia yangu ya dagaa. Nilimwambia, hakusikia.

"Nikipiga vanishi harufu itaisha, mama Nyanjura," anasema huku anacheka.

Itaisha lini? Jumamosi linabebwa kwenda Guta kwa wakwe. Mama mkwe yule atafungua droo kabla hajamsalimia mwanangu. Na Nyanjura hajui kujibu, atalia tu.

Nimemwambia baba yake, "Basi lala humo wewe!"

Nguo za mwanangu nimezipanga kwenye sanduku langu la bati. Kabati halitoki hapa.