Aliyekuwa Akikujibu

Thunder Bay,
9 Machi

Kaka yangu mpenzi Reino,

Pokea salamu za mdogo wako Aila. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Yellowknife, na kwamba kile kifua kilichokusumbua Januari kimetulia. Mimi sijambo. Theluji bado imefika usawa wa dirisha la jikoni, na juzi nimevunja sepetu la pili msimu huu. Najua utashangaa kupata bahasha kutoka kwangu wakati tumezoea barua pepe. Nimeandika kwa kalamu ili uuone mwandiko wangu na usiwe na shaka kwamba kila neno humu ni langu. Kaa chini kwanza, kaka, ndipo uendelee kusoma.

Nianze na mama. Katika barua zake amekuambia kwamba anaoka mkate wa iliki kila Ijumaa na bado anaimba kwaya. Mama hajaoka chochote tangu mwaka juzi. Akili yake inamtoka kidogo kidogo. Kuna siku ananiita kwa jina langu, na kuna siku ananiita dada na kuniuliza basi la kwao linapita saa ngapi. Daktari alisema tusitarajie apone. Nilikuficha hayo, nikijiambia kwamba uko mbali na ungeumia bure.

Mambo yalianza na barua taka. Kikasha chake cha barua pepe kilikuwa kimejaa watu wa kumwuzia dawa za magoti na kumpongeza kwa kushinda gari, naye alikuwa akiwajibu wote kwa adabu na kuwaulizia watoto wao. Jirani yetu Doreen Kowalchuk, yule aliyestaafu posta, akaniambia, "Shoga, mwekee kiendelezi. Mimi nimeweka changu, sasa napumua." Ni kile kiprogramu kidogo kinachojibandika kwenye kivinjari. Kilifagia takataka zote kwa siku moja. Kisha kikauliza kama kiruhusiwe kusoma barua zake zote za zamani, kimwandalie majibu kwa namna anavyoandika mwenyewe. Nikabonyeza ndiyo. Niliona ninampunguzia kazi.

Mwanzoni kilijibu daktari wa meno na watu wa kwaya. Kiliandika kama yeye hasa, hata ule utani wake kwamba baridi ya huku inamfanya mbwa aombe soksi. Doreen alipokea moja, akaja kuniambia mama ana nafuu kubwa. Sikumsahihisha.

Halafu ikaingia barua yako ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Ilikuwa saa nane mchana. Mama alikuwa mezani anamenya kiazi ambacho alikwisha kukimenya, amebakiza kipande kama kidole. Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza vizuri, kisha akasema hamjui mtu anayeitwa Reino, pengine imepotea njia. Nilipoigeukia kompyuta ili niifunge, jibu lilikuwa limeshaandikwa. "Mwanangu Reino, kila siku nilikuwa nakusubiri." Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale, kisu mkononi, akiangalia ukuta.

Nililituma, kaka. Wewe ukajibu siku hiyohiyo, na furaha yako ilinishinda. Baada ya wiki chache nikakipa kiendelezi ruhusa ya kutuma bila kuniuliza, maana nilikuwa nachoka, na tena nilikuwa naogopa kuyasoma majibu hayo.

Ndipo kikaanza kuniandikia na mimi. Nikiwa kazini nilipata ujumbe kwa jina la mama: "Aila, maziwa yameisha, na usisahau kofia." Wakati huo mama alikuwa hajagusa kompyuta kwa wiki tatu. Nilikimbia nyumbani. Nikamkuta amelala kwenye kiti, na kwenye friji maziwa yameisha kweli. Najua kilisoma risiti za dukani na kupiga hesabu zake. Najua. Lakini nilisimama mbele ya ile friji mpaka mlio wake wa kudai ifungwe ulipoanza, na sikuweza kugeuka kutazama chumba ilipo kompyuta.

Siku moja nilimsomea mama barua mojawapo iliyotumwa kwako kwa jina lake. Akanishika mkono kwa nguvu. Akauliza, "Nani huyo anayeandika?" Nikamwambia ni yeye. "Siyo mimi. Huyo mwanamke anamtaka mtoto wangu." Nikamwuliza mtoto gani. Hakujua. Lakini hakuniachia mkono hadi jioni, na tangu hapo hapiti karibu na meza ile, huzunguka kwa nyuma ya kochi.

Jumatatu iliyopita uliniandikia kwamba umekata tiketi ya kuja Pasaka kwa kuwa mama amekuomba. Mimi sikujua kwamba amekuomba. Nikaamua kukiondoa kile kitu. Kabla ya kukifuta nikafungua mahali kinapopanga barua za kutumwa baadaye. Nilikuta zimejipanga, Krismasi na siku yako ya kuzaliwa, mwaka baada ya mwaka, hadi siku utakapotimiza miaka sabini. Mama angekuwa na mia moja na mbili. Katika ile ya mwisho anakuambia kwamba magoti yamepona na kwamba anaota jua kibarazani. Nilizifuta moja moja. Kisha nikakiondoa kabisa. Nimebadilisha nywila na kuchomoa waya.

Sasa lililo zito zaidi. Mwaka jana uliuliza kuhusu ule moto wa kibanda cha sauna, pale tulipokuwa tukioga mvuke, na mama akakujibu kwamba amekusamehe na yamepita. Uliniambia umeichapisha barua hiyo na unaibeba kwenye koti la kazini. Ile haikuwa ya mama. Kile kiendelezi ndicho kilichoiandika, na mimi nilikuwepo. Ilikuwa kabla sijakipa ruhusa ya kutuma chenyewe, na mkono uliobonyeza ni huu unaoandika. Niliona unataka kusamehewa, nikaona itakuwa vibaya ukikosa.

Lakini nilipokuwa nafuta, nilifika kwenye rasimu zake, zile barua alizoanza mwenyewe na hakuzituma. Ziko kumi na nne, zote kwako, za miaka ambayo bado alikuwa na akili zake timamu. Nyingi zina jina lako tu. Moja ina mistari michache, nami nimeichapisha na kuiweka kwenye bahasha hii bila kurekebisha herufi. Anasema siku ile alimwona baba akitoka saunani, ameacha mlango wa jiko wazi na kuni zinawaka. Anasema baba alipokugeukia wewe mbele ya watu na kukulaumu kwa moto ule, yeye alikuwa amesimama pale na aproni yake, akanyamaza. Anasema, "Nilinyamaza ukaondoka. Naomba unisamehe, mwanangu. Sijui nia". Hapo ndipo ilipokatikia.

Kile kiendelezi kilisoma rasimu hiyo pamoja na nyingine zote, kwa sababu nilikiruhusu. Kilijua si wewe uliyekichoma kibanda. Bado kikakuandikia umesamehewa, labda kwa kuwa hilo ndilo ulilokuwa unaliomba.

Tiketi yako iko mikononi mwako, na ukiirudisha sitakulaumu. Ukija, mama hatakujua. Atakuuliza wewe ni nani na unaishi wapi, na baada ya dakika tano atakuuliza tena. Mjibu utakavyoona. Ila nakuomba, siku moja akiwa ametulia, kaa karibu yake uijibu barua hii ya kwake. Mwambie kwa mdomo. Jibu hilo amelingoja miaka mingi, hata kama hakumbuki anachokingoja.

Doreen anakusalimu, naye pia nimemweleza ukweli. Funika kifua vizuri. Nipigie simu nisikie sauti yako, ya kwangu utaitambua.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Aila Niskanen