Kamera Niliyoichagua kwa Sikio

Arusha, nyuma ya karakana

Mheshimiwa Waziri wa Kuku!

Hujambo wewe? Kuku wako nao hawajambo? Yule jogoo mwenye kiburi bado anamkimbiza mbwa wa jirani? Mimi mzima, kifua tu kinasumbua kwa baridi ya huku. Asubuhi naosha magari ya watalii, maji yanauma vidole utafikiri yana meno. Lakini nakula, nalala, msiwe na wasiwasi. Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea. Halafu toka nje. Kweli, toka, nenda kakae kule kwenye mawe nyuma ya zizi. Najua barua zangu unazisoma kwa sauti nyumba nzima isikie, na hii sitaki Baba aisikie.

Umetoka? Haya.

Siku ile uliponipigia kutoka juu ya jiwe, pale pekee mtandao unapofika, upepo ulikuwa unakula maneno yako, mimi napiga kelele "Nini? Nini?" mpaka wenzangu wakanicheka. Lakini hili nililisikia vizuri: "Kaka, jana Baba kamkaribisha mbuzi. Kasikia hatua mlangoni, akasema karibu, kaa, habari za huko. Tukacheka, na yeye akacheka. Halafu akaniuliza, kwani alikuwa nani?" Simu ikakatika. Ulipopanda tena jioni ndipo ukanimalizia: macho yote mawili, giza kabisa, na daktari amesema mmechelewa.

Dah, mdogo wangu.

Nilijua kope zinamsumbua. Nakumbuka Mama anavyomkalisha juani anamng'oa zile zilizogeukia ndani kwa kikoleo chake, Baba machozi yanamtoka na bado anatania, "Taratibu mama, hilo ni jicho, si kuku." Nilijua aliambiwa aende akapasuliwe kope, akasema kwanza alizeti zitoke shambani. Lakini giza! Sikulaumu wewe. Hata ungeniambia mapema, ningefanya nini na ndoo yangu ya sabuni?

Sasa nikueleze habari ya kamera, usinione nimerukwa na akili, utaona inakoelekea.

Unaijua picha ya ukutani, ile moja tu ya Baba, ya Idi, tuliyopigiwa na yule jamaa aliyekuja kwetu Sepuka na baiskeli. Flashi ikawaka, Baba akafumba. Filamu ikaenda kusafishwa mjini, tukasubiri weee, ikarudi: Baba kwenye kiti, mikono magotini, kanzu imenyooka, macho yamefungwa kabisa. Mgeni akiingia anauliza kwa heshima, "Marehemu alikuwa nani?" Na Baba anajibu, "Ndiyo mimi. Karibu ugali." Tumecheka miaka mingapi! Lakini asubuhi ninaondoka, pale stendi Singida, alinivuta pembeni akaniambia kitu ambacho sijawahi kukwambia. "Ukipata hicho kimashine unachokiota, uje unipige tena. Safari hii nimefumbua. Sitaki wajukuu wanijue nimelala."

Basi kwa ajili ya hilo ndiyo nilikuwa nachagua kamera. Kuna mtalii alisahau kitabu cha kamera ndani ya gari, kimechanika jalada, Kiingereza kitupu. Nimekisoma na kamusi ya kuazima mpaka nimekimaliza, sijafundishwa na mtu. Naijua lenzi, najua kwa nini tundu lake linafunguka kama jicho la paka gizani. Kila nikitoka kazini nakimbilia kwa Mangi, huyu muuza redio na kamera zilizotumika, namsumbua mpaka ananiita Mkaguzi. "Mkaguzi, leo umekuja kununua au kupumulia vioo vyangu?"

Anazo mbili nilizomwomba aniwekee. Moja ndogo ya rangi ya fedha, kioo kikubwa nyuma, ukipiga unaiona picha papo hapo, unaivuta mpaka jicho la mtu linajaa kioo kizima. Nyingine nyeusi, nzito kama tofali, ya kubadilisha lenzi, unachungulia kwenye tundu, kioo chake cha nyuma kidogo kama stempu. Kitabu kinasema anayeanza na anayetaka kujifunza kweli achukue kama hiyo nyeusi. Mimi nikasema hapana, ile ya fedha! Kwa sababu nilishaona akilini: nampiga Baba, nageuza kamera, namvutia uso wake, namwambia tazama, umefumbua. Palepale, kabla kiti hakijapoa.

Baada ya simu yako nikaenda kwa Mangi nikamwambia, "Rudisha zote. Mzee wangu haoni tena."

Hakunitania. Akasema "pole sana, kijana," akaichukua ile nyeusi airudishe kwenye mfuko wake, na kidole kikagusa kitufe. KWACHA!

Ndani mna kioo, ukibonyeza kinaruka na kurudi. Nilikisoma kwenye kitabu, lakini kukisikia! Nikamkumbuka Baba siku ile ya Idi, kakakamaa, kazuia pumzi, anauliza kwa meno yaliyobana, "Tayari? Tayari?" Na hakupumua mpaka aliposikia ule mlio.

"Mangi, rudia."

KWACHA.

"Sasa bonyeza ile ya fedha."

Kimya. Inapiga kama mwizi.

"Wewe," akasema, "watu wanachagua kamera kwa jicho."

"Mimi nataka ambayo mzee ataisikia."

Nikamwomba anipige kwa ile nyeusi. Nikakaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, nikafumba macho ili nijue Baba atajua nini. Nikasubiri. Bwana, gizani kusubiri ni kurefu! Halafu, kwacha, nikajua nimepigwa, nikapumua. Mangi akanionyesha kile kioo kidogo.

Mdogo wangu, alikuwa Baba. Baba mtupu, yule wa ukutani. Nililia mbele ya wateja, Mangi akawaambia moshi wa jiko umeniingia.

Nimeichukua hiyo nyeusi, iko hapa imefungwa kwenye sweta langu. Nimeomba ruhusa, nakuja mkianza kupiga alizeti. Wewe ulisema umemgusia habari ya picha, naye akajibu, "Nitaiona na nini? Na mtu gani anapiga picha ya kipofu?" Usibishane naye. Mwache.

Shangazi wa Utemini, pale mjini, mwambie nitapita kwake kwanza nioge vumbi la safari. Mjomba mchunga ng'ombe mwambie buti lake nimelipata. Babu, baba yake Mama, mpe mkono wangu, na Mama mpe shikamoo mara ya pili, hii ya pili ni ya kile kikoleo.

Ila hili moja nijibu, panda jiwe unipigie. Nitamkalisha Baba kwenye kiti kilekile, na kanzu ileile. Najua atavuta pumzi aizuie. Kidole changu kiko juu ya kamera. Aliniagiza mwenyewe, "Safari hii nimefumbua." Lakini sasa akifumbua, wajukuu watayaona yale macho meupe. Akifumba, ndiyo ile ile ya marehemu. Nimwambie "Baba, fumbua," au ninyamaze nibonyeze? Ungekuwa wewe ndiye umeshika kamera, ungefanyaje?

Kaka yako anayekuwaza,
Saidi