Ulimkataza Neema Asiniambie

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, lakini nina hasira na wewe na sina pa kuipeleka.

Nimefika nyumbani Olasiti Jumanne, nimekukuta kaburini. Miezi miwili! Siku unazikwa, mimi nilikuwa maabara Ujerumani, napiga makofi na wenzangu kwa sababu kipimo chetu kilikubali.

Kipimo chenyewe nilikueleza kwenye simu. Tunapiga mwanga mkali wa leza kwenye bati jembamba kuliko unywele, chembe ziitwazo ioni zinachomoka kwa kasi na kuingia ndani ya kioo. Kioo kinaingia giza, halafu mwanga unaanza kupita tena, yote kwa muda ambao jicho haliwezi kuuona. Sisi tunapima kinachotokea hapo katikati. Ulicheka, ukakohoa, ukasema, "Kumbe mnakiumiza ili muone kinavyopona?" Kisha ukauliza, "Na kinapona chote?" Nikasema hapana, pengine panabaki jeraha. Ukakohoa tena. Nikadhani ni mafua tu.

Kumbe ulikuwa kitandani, mdogo wangu Neema amekushikia simu sikioni.

Amenieleza juzi tukichambua maharage. Kwamba kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa na ninyi mafundi mkapunguzwa, zahanati yake nayo ilifungwa, na hukwenda tena kupimwa kifua. Vumbi la pamba likakumaliza polepole. Kwamba yeye aliacha shule kidato cha tatu akuuguze. Kwamba nilipopiga simu na wewe huwezi kusema, ulimwagiza ajibu, "Baba yuko shambani." Ulimwambia, "Dada yako akijua ataacha masomo." Hata ulipokufa, aliendelea kunijibu hivyo hivyo.

Na Neema je? Ya kwake hayakuwa masomo? Ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema binti zako wote wawili watasoma. Wote wawili, Baba. Nilikuwepo!

Nilimfokea Neema pia, nikamwita mwongo. Akasema taratibu, "Dada, nilikuwa namgeuza ubavu peke yangu. Ulitaka nibishane naye?" Nilimwomba radhi. Sijui kama inatosha.

Jana tulikwenda shuleni kwake. Mwalimu mkuu akasema nafasi zimejaa. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu asubuhi mpaka wanafunzi wakatoka. Akatuita ndani. Neema anaanza Jumatatu. Maabara nimewaandikia kwamba wasinisubiri mwezi huu.

Nakuahidi, atamaliza. Na katika nyumba hii hakuna atakayefichwa ugonjwa wa mtu tena, hata kwa mapenzi.

Pumzika, Baba. Kukusamehe bado sijaweza. Leo nimevaa koti lako kwenda sokoni Kwa Mrombo. Mzee mmoja ameniita kwa nyuma, kwa jina lako, nami nikaitika.

Mwanao,
Nai